Mgonjwa wa skizofrenia halali usiku: tuhamishe saa ya dawa, tuongeze kidonge, tumpe melatonini au tumtoe juani?

Hivi ndivyo ilivyokuwa: saa nane usiku nasikia sufuria ikigongana na jiko. Ni mdogo wangu, anachemsha chai ya nne. Kesho saa saba mchana mama atakuwa anagonga mlango wake kwa mwiko, akimwita aje ale. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu tuambiwe ana skizofrenia, ugonjwa wa akili uliomletea sauti zisizokuwepo. Sauti zimepungua sana, kazi ya dawa tunaiona. Kilichobaki ni usiku, na kuhusu usiku kila mtu nyumbani ana lake. Mama anataka daktari "amuongezee kile kidonge cha kulaza." Shemeji aliye Minnesota ametuma chupa ya vidonge vya melatonini, kemikali ya mwili inayotangaza usiku, vile vya kutafuna kama peremende. Jirani anasema ni uvivu. Mwenyewe anasema, "Dada, usiku ndio kumetulia."

Mimi si daktari. Ni dada mtu, ninayempeleka kliniki hapa Mombasa na kubeba kadi yake, na kwa hiyo ndiye niliyeachiwa kuchagua. Nimesoma, nimeuliza, nimekosea mara mbili (makosa yote nimeyaweka humu), na yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika.

Ulinganisho huu unamhusu mgonjwa anayetumia dawa zake na aliyetulia, ila halali, au analala saa zisizoeleweka. Kama wako ameanza kukesha ghafla ndani ya siku chache, anaongea peke yake kuliko kawaida, anashuku chakula au majirani, usipoteze muda kulinganisha chochote. Kukosa usingizi ni mojawapo ya dalili za mwanzo za ugonjwa kurudi. Apelekwe kwa daktari wake wiki hiyo hiyo, isingojewe tarehe ya kadi.

Halali, au analala kwa saa yake?

Sisi tulitafuta dawa kwa miaka kabla ya kuuliza swali hili, na ndilo linaloamua mengine yote.

Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza, Katharina Wulff na Russell Foster wakiwamo, walichapisha kazi waliyoifanya kwa wagonjwa 20 wa skizofrenia waliokuwa wametulia kwa dawa, wakiwalinganisha na watu 21 wasio na ugonjwa huo. Ninachokipenda ni kwamba hao 21 nao hawakuwa na ajira. Yule jirani wangu angesema mgonjwa analala hovyo kwa kuwa hana kazi ya kumwamsha. Watafiti waliliziba tundu hilo mapema. Kwa wiki sita wakafuatilia mwendo wa mikono kwa kifaa kinachovaliwa kama saa, na kupima melatonini mwilini. Wagonjwa wote walikuwa na kasoro kubwa ya usingizi, na ukosefu wa ajira haukutosha kuieleza. Lakini kasoro hazikuwa za aina moja. Kwa nusu yao, saa yenyewe ya mwili ilikuwa imehama: kuna waliochelewa, kuna waliowahi, na kuna ambao siku yao haikuwa ya saa 24 kabisa. Nusu ya pili melatonini yao ilitoka kwa wakati wake, ila usingizi ulikuwa mrefu kupita kiasi au umekatikakatika.

Hayo ni matatizo mawili, na dawa ya moja si dawa ya jingine.

Sisi Waswahili tunahesabu saa kuanzia macheo, saa moja ikiwa saa ya kwanza ya mchana, na nadhani ndiyo sababu jambo hili halikuniwia gumu kulielewa. Mwili nao una saa inayoanzwa na mwanga. Iko chini ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kiini kidogo chenye seli za neva zipatazo 20,000. Ikiachwa gizani bila kurekebishwa, kwa mtu wa kawaida huzunguka kwa saa 24 na dakika kama kumi. Kila asubuhi mwanga unapoingia machoni huiwahisha hizo dakika. Mtu anayeamka saa saba mchana ndani ya chumba chenye pazia zito hana kinachoiwahisha.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, nunua daftari. Wiki mbili, kila siku mistari michache: alizima taa saa ngapi, alipitiwa na usingizi saa ngapi kwa kukisia, aliamka saa ngapi, dawa alimeza saa ngapi, chai vikombe vingapi, kama alikoroma. Ukiona analala vizuri saa saba au nane mfululizo, lakini kuanzia saa kumi alfajiri, saa yake imechelewa. Ukiona kila siku anasogea mbele kidogo hadi anazunguka mwezi mzima, haifuati siku ya saa 24. Ukiona amelala kitandani tangu saa nne usiku akihesabu dari hadi saa tisa na anaamka amechoka, huyo ndiye anayekosa usingizi. Na analala saa kumi na tatu na bado anasinzia mezani? Tazama kwanza dawa, kisha sikiliza anavyokoroma. Dawa nyingi za ugonjwa huu huongeza uzito, na uzito huleta ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, ambao vidonge vya kulaza huuzidisha.

Siku ya kumi na nne daftari letu lilionyesha kitu ambacho macho yetu hayakukiona kwa miaka. Mdogo wangu alikuwa akilala kwa muda wa saa saba na nusu karibu kila siku. Usingizi alikuwa nao wa kutosha, ila ulianza saa kumi alfajiri.

Kemikali chache za kujua kabla ya kuchagua

Dopamini ndiyo inayotajwa kila ukigusa skizofrenia. Msweden Arvid Carlsson alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba ni mjumbe kamili wa ubongo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Dawa za ugonjwa huu, tangu klorpromazini (wengi wanaijua kama Largactil) ambayo Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia Paris mwaka 1952, karibu zote huziba vipokezi vya dopamini, yaani milango ya seli inayoipokea. Kisichosemwa sana ni kwamba dopamini hiyo hiyo ni kemikali ya kuwa macho. Kundi la Nora Volkow wa Marekani liliwakesha watu wazima wa afya usiku mmoja tu, likaona mabadiliko katika vipokezi vyake ubongoni. Na mwaka 1959 mtangazaji wa redio wa New York, Peter Tripp, alikaa macho saa 201 ili kuchangisha fedha. Hakuwa na skizofrenia, lakini kabla ya kumaliza alikuwa anaona vitu visivyokuwepo na kuamini kwamba watu wanamfanyia njama. Ugonjwa huharibu usingizi, na usingizi ukiharibika huuchochea ugonjwa.

Histamini nayo huamsha. Umewahi kumeza Piriton kwa mafua ukalala hadi adhuhuri? Ndivyo dawa za skizofrenia kama olanzapini, kwetiapini, klozapini na klorpromazini zinavyolaza: kwa sehemu kubwa ni kwa kuziba histamini, jambo lililo mbali na ile kazi ya kuzima sauti. GABA ni breki ya ubongo, na kidonge cha kulaza kiitwacho diazepamu huikanyaga. Adenosini ni uchovu unaojikusanya tangu uamke, na kafeini huuficha. Melatonini hutoka kwenye tezi ndogo katikati ya ubongo giza linapoingia, na inachofanya ni kuutangazia mwili kwamba usiku umefika. Ni mwadhini, si nyundo, na watu wengi wanaoinunua wanadhani ni nyundo.

Kuhamisha saa ya dawa aliyonayo, au kumbadilishia dawa

Haya mawili ukiyaweka kando kwa kando, la kwanza lianze daima. Halina gharama, halimwongezei kidonge, na mara nyingi ndipo tatizo lilipo.

Dawa zinazolaza kupitia histamini ni za usiku, lakini si za usiku wa manane. Mdogo wangu alikuwa na olanzapini ya "kabla ya kulala," na kwa kuwa yeye hulala alfajiri, aliimeza alfajiri. Ikamkalia kichwani hadi mchana. Aripiprazoli, kwa upande mwingine, huwakesha baadhi ya watu, kwa hiyo kwa wengi inafaa asubuhi. Haloperidoli na sindano ya mwezi (Modecate) hazilazi sana, ila zinaweza kuleta ile hali ya miguu kukataa kutulia: mtu analala, anaamka, anatembea ukumbini, anarudi. Ukiiona hiyo usiiite kukosa usingizi. Ni tatizo la dawa lenye tiba yake, na huenda daktari akapunguza dozi.

Na hapa kuna kosa letu la kwanza. Kwa ajili ya ugumu wa misuli unaoletwa na ile sindano, ambayo naye huchomwa, alipewa Artane. Sisi, kwa kupenda mambo rahisi, tukazifunga dawa zote kwenye kijikaratasi kimoja cha usiku. Artane huwachangamsha watu wengine, ndiyo maana kwa kawaida hutolewa asubuhi au mchana. Tulikuwa tunamlaza kwa mkono wa kulia na kumwamsha kwa wa kushoto, na kwenye foleni ya kliniki tuliyokuwa tukienda hakuna aliyekuwa na dakika ya kutuuliza tunazimezesha saa ngapi.

Kubadilisha dawa ni hatua nyingine kabisa. Dawa iliyozima sauti za mtu haiachwi kwa ajili ya usingizi peke yake. Huo ndio msimamo wangu, na sijakutana na daktari aliyenipinga. Olanzapini hulaza vizuri lakini huleta uzito na sukari. Klozapini ni ya wale ambao dawa mbili nyingine zimeshindwa, na inadai kupimwa damu kila wiki miezi ya mwanzo, kwa sababu inaweza kuangusha chembe nyeupe; vifo vilivyotokea Finland mwaka 1975 ndivyo vilivyoifanya iogopwe kwa miaka. Hata hivyo ina jambo la kuvutia: Anna Wirz-Justice na wenzake wa Basel waliona, kwa wagonjwa wachache waliowafuatilia, kwamba waliokuwa kwenye klozapini walikuwa na mpangilio wa mchana na usiku ulionyooka kuliko wa dawa za zamani. Kama daktari amekwisha kuitaja kwa sababu nyingine, hiyo ni faida ya ziada.

Kuna mtindo wa kuongeza kwetiapini kidogo juu ya dawa nyingine, ili mtu alale tu. Mimi siupendi. Kwa dozi ndogo inachogusa zaidi ni histamini, haifiki kwenye kazi ya kuzuia sauti, na bado inaweza kuongeza uzito. Ni Piriton ya bei ghali.

Diazepamu au melatonini

Diazepamu, yaani Valium, ina sifa moja isiyopingika: inafanya kazi leo usiku. Kama mtu amekesha siku tatu na daktari anataka alale ili ugonjwa usipande, nusu ya kazi imekwisha kwa kidonge kimoja. Lakini hukaa mwilini. Nusu ya dozi inaweza kuchukua siku moja hadi mbili kuondoka, na mabaki yake huishi muda mrefu zaidi, kwa hiyo kidonge cha Jumatatu kinakutana na cha Jumatano. Ndani ya wiki chache mwili huzoea, dozi ile ile hailazi tena. Ikitumika kwa miezi kisha ikakatwa ghafla inaweza kuleta hata degedege. Ikichanganywa na pombe, au na klozapini bila daktari kusimamia, pumzi inaweza kuzidiwa. Kwa anayekoroma na kukatikiwa na pumzi, ni hatari tupu. Na hata pale inapolaza, haihamishi saa. Saa iliyochelewa hubaki imechelewa, sasa ikiwa na mtu mwenye kizunguzungu ndani yake.

Melatonini ni kinyume karibu kwa kila kitu. Haimwangushi mtu, haina mazoea ya namna ile, na kama tatizo ni kukesha kwa wasiwasi au sauti za usiku, usiitarajie makubwa. Lakini kama tatizo ni saa kuchelewa, ndiyo inayogusa mahali penyewe. Kuna tafiti ndogo zilizofanywa kwa wagonjwa wa skizofrenia zilizoona usingizi ukiwa bora. Sauti haizitibu, na aliyekuambia inatibu anakuuzia.

Siri yake ni wakati. Ili iwahishe saa hutolewa jioni, saa kadhaa kabla ya muda ambao mtu hupitiwa na usingizi kwa sasa, na dozi ndogo, hata nusu miligramu, inaweza kutosha. Kosa letu la pili linajionyesha lenyewe: chupa ya shemeji ilikuwa ya miligramu 10, nasi tukampa saa tisa usiku, alipokuwa anapanda kitandani. Tulimwadhinia usiku umefika wakati usiku unakaribia kwisha. Aliamka mzito kuliko kawaida na saa haikusogea hata kidogo.

Jingine ni kilichomo ndani ya chupa. Marekani inauzwa rafuni kama kirutubisho. Uingereza hupewi bila cheti cha daktari. Watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 wakachapisha majibu mwaka 2017: kuna iliyokuwa na pungufu ya asilimia 83 ya kilichoandikwa, na kuna iliyozidi kwa asilimia 478. Ukitumiwa kifurushi na ndugu, kipeleke kwa daktari au mfamasia kama kilivyo, na chupa yake. Na shemeji nisimlaumu: hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, melatonini kwake ni chumvi ya mezani.

Kwa hiyo, mtu mwenye saa iliyochelewa: melatonini, mapema, kidogo, daktari akijua. Mtu aliyekesha na ugonjwa unapanda: diazepamu ya siku chache mkononi mwa daktari. Mtu anayelala saa kumi na tatu: hakuna hata moja.

Jua la bure na taa ya kununua

Macho yana seli maalumu zisizoona sura wala rangi. Kazi yake ni kupeleka habari za mwanga kwenye saa ya ubongo, na mwanga wenye ubuluu ndio unaozigusa zaidi. Taa ya sebuleni hutoa lux (kipimo cha mwanga) mia moja hadi mia chache. Nje kwenye jua kali ni hadi 100,000. Hapa pwani, mwaka mzima, macheo hayasogei mbali na saa kumi na mbili. Tiba tunayo mlangoni.

Lakini usimkurupushe. Hapa wengi hukosea, na wanakosea kwa nia njema. Mwanga wa jioni na wa usiku huichelewesha saa zaidi; mwanga wa baada ya usiku wa mwili kuisha huiwahisha. Tatizo ni kwamba usiku wa mwili si usiku wa dirishani. Kwa mtu anayelala saa kumi alfajiri hadi saa sita mchana, saa moja asubuhi bado ni usiku wa manane ndani yake. Ukimtoa juani saa hiyo unaweza kuichelewesha saa yake badala ya kuiwahisha. Anza pale anapoamka mwenyewe, mtoe nje mara moja kwa nusu saa, kisha kila baada ya siku mbili tatu mwamshe nusu saa mapema. Inachosha mwamshaji kuliko mwamshwaji. Upande wa pili ni jioni: taa hafifu, simu chini, na kama chumba chake kinatazamana na taa ya barabarani, pazia zito lifungwe usiku lakini lifunguliwe asubuhi.

Anayetumia klorpromazini ngozi yake huungua haraka juani, basi kofia, mikono mirefu, au kivuli cha barazani. Mwanga wa kivulini nao ni mwingi mno kuliko wa ndani.

Taa ya kununua, ile ya lux 10,000 inayowekwa mbele ya uso kwa kama nusu saa, ina maana kwa shemeji. Minnesota mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana haufiki saa tisa, na anayetoka zamu ya usiku anaweza kupita wiki bila kuliona jua. Huku kwetu ni fedha za bure. Na popote ulipo, kama mgonjwa ana vipindi vya kupanda, kuchangamka kupita kiasi, maneno kasi, matumizi ya fedha hovyo, taa hiyo isiwashwe kabla ya daktari kukubali, kwa sababu inaweza kumpandisha.

Mazungumzo

Kama daftari limeonyesha kukosa usingizi kwenyewe, siyo saa kuhama, hii ndiyo ningeiweka juu ya vidonge vyote. Mwaka 2015 Daniel Freeman wa Oxford na wenzake walichapisha jaribio dogo la watu 50 waliokuwa na sauti au imani zisizo za kweli zisizoisha, pamoja na kukosa usingizi. Waliopewa tiba ya mazungumzo ya usingizi juu ya matibabu yao ya kawaida, asilimia 41 waliacha kuwa na tatizo la usingizi. Waliobaki na matibabu ya kawaida tu, asilimia 4. Miaka miwili baadaye kundi hilo likachapisha jaribio la wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 vya Uingereza, karibu nusu yao wakipewa tiba hiyo kupitia kompyuta, na usingizi ulipopona hata hisia za kushuku watu zikapungua.

Ubaya wake ni mmoja, na ni mkubwa: nani atakufanyia hapa? Wanasaikolojia ni wachache na saa moja yao ina bei. Lakini sehemu yake unaweza kuianza nyumbani. Kitanda cha mdogo wangu kilikuwa sebule, meza ya chakula na kituo cha redio. Tulichofanya ni kuweka kiti cha plastiki kando ya dirisha. Chai kwenye kiti, redio kwenye kiti, kitanda cha kulala. Saa ya kuamka moja, hata Jumapili. Kitu cha kumtoa mchana, hata kama ni kumwagilia mchicha. Na muulize anaogopa nini usiku. Nilipomuuliza aliniambia gizani sauti zilikuwa zikirudi, kwa hiyo alijizoesha kulala kukiwa kunapambazuka. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza, na mimi mmojawapo.

Onyo moja: tiba hii kwa watu wengine hukata masaa ya kitandani kwa ukali ili usingizi ukolee. Kwa mwenye skizofrenia usijaribu peke yako. Kumnyima usingizi kwa makusudi ni kuchezea kiberiti.

Vinavyobomoa chochote utakachochagua

Miraa kwanza. Katinoni iliyo ndani ya majani mabichi huachilia dopamini, kemikali ile ile ambayo dawa zake zinapigana nayo. Hakuna saa ya dawa, wala kidonge, wala jua litakaloshinda miraa ya jioni. Kama anatafuna, ulinganisho wote huu usubiri.

Chai na kahawa: nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kuondoka, kwa hiyo mwisho wa chai iwe adhuhuri, na kwa aliye kwenye klozapini, kahawa nyingi hupandisha kiwango cha dawa damuni. Sigara hufanya kinyume, hushusha klozapini na olanzapini, maana yake akiacha ghafla dozi ya zamani inaweza kumzidi. Mwambie daktari kabla, siyo baada.

Tulichochagua

Nilipeleka kliniki ukurasa mmoja: nakala ya daftari la wiki mbili, orodha ya dawa na saa anazomeza kweli (siyo zilizoandikwa), idadi ya chai, na maneno yake kuhusu giza. Safari hii tulimpata daktari aliyeusoma hadi chini. Artane akaihamishia asubuhi. Olanzapini ikawa saa tatu usiku, alale asilale. Ombi la mama la Valium akalikataa kwa upole, akimweleza yeye mwenyewe kwa nini, akimwita mama, na mama akakubali kwa sababu aliambiwa uso kwa uso. Melatonini akasema isubiri mwezi mmoja, na ikitumika iwe jioni, dozi ndogo, siyo ile chupa. Taa ndogo ya usiku akairuhusu ukutani, hafifu na nyekundu.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, sitaficha. Alikasirika kuamshwa, akanishutumu kwamba nimeungana na wenye kumfuata. Nilisimamisha kumvuta kwa siku tatu, nikampigia daktari, tukaendelea taratibu zaidi.

Sasa ni mwezi wa tatu. Hupitiwa na usingizi kama saa saba usiku na kuamka saa tatu asubuhi. Melatonini hatujaigusa. Mama bado anaona ni kuchelewa, maana kwake mtu mzima huamka kwa adhana. Mahamri sasa anayafuata yeye mwenyewe, kwa miguu, jua likiwa usoni, na kwa kuwa hufika saa hiyo hurudi na yale ya mwisho yaliyoungua upande mmoja.